Nukuu 1,412

Jumatatu, 1 Septemba

Kabla ya kahawa: 1,412. Haijasogea tangu Alhamisi.

Nimeanza daftari hili kwa sababu Yngve, mkuu wetu wa idara, anasema majibu ya uprofesa yatatoka vuli hii, na vuli ya huku kaskazini ni ndefu kuliko subira yangu. Maombi niliyapeleka Aprili. Tuko wawili tu. Mimi, Gunvor Hedbrant, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mhadhiri wa fizikia kwa miaka ishirini na miwili. Na Rasmus Frösell, miaka arobaini na mmoja, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika kibano. Makala za Rasmus zimenukuliwa na watafiti wenzake mara 6,208. Zangu mara 1,412, ile namba niliyoanza nayo.

Kiti kimoja hufunguka profesa mmoja anapostaafu, na anayekikalia hukikalia mpaka naye azeeke. Kwa umri wangu hakuna kingine kitakachofunguka. Nipate hiki au nibaki hivi hivi mpaka wanipe saa ya ukutani na kuniaga.

Maabara imelala. Aune amechukua bunduki yake na kwenda kwao Bonde la Torne kwa wiki ya kuwinda kulungu, kama kila Septemba. Aune Lantto ndiye fundi wetu wa fuwele. Anayeyusha madini ndani ya bati lililoyeyuka kwenye tanuri, anayapoza, fuwele zinaota, kisha sisi wasomi tunazichukua, tunazipitishia umeme na kuandika makala.

Jumatano, 3 Septemba

1,412. Mvua.

Jumanne, 9 Septemba

1,413! Nilifungua mbio mbio kuona ni nani aliyeninukuu. Ni Rasmus.

Ijumaa, 12 Septemba

1,413. Saa tatu na nusu, kwenye kahawa ya pamoja, keki tena. Desturi ya hapa ni kwamba jarida likikubali makala yako, wewe ndiye unayewanunulia wenzako keki, ile ya kijani yenye waridi la sukari juu. Ni ya sita ya Rasmus mwaka huu. Nimekula keki za kijana huyu mpaka nguo zimenibana.

"Haya Gunvor, kata wewe," akasema. "Mkubwa ndiye anayeanza."

"Mkubwa kwa umri au kwa nukuu?"

Yngve alichekea ndani ya kikombe. Rasmus akawa mwekundu, akachukua kisu mwenyewe. Kipande chenye waridi akampa Aune, kama anavyofanya siku zote. Aune amerudi na nusu ya kulungu na mafua.

Makala mpya ina waandishi kumi na mmoja, na Aune ni wa kumi. Rasmus humwandika kila mara. Anagawa majina kama mtu anayegawa biskuti, na ndiyo maana kila maabara inataka kushirikiana naye. Kwangu mwandishi ni yule aliyefikiri. Aliyewasha tanuri hushukuriwa mwishoni kwa herufi ndogo, na hiyo ni heshima ya kutosha.

Alhamisi, 18 Septemba

1,413.

Ijumaa, 26 Septemba

1,415. Mbili kwa mpigo. Zote mbili kwa makala yangu ya 2008, bila shaka. Peke yake imenukuliwa mara 611. Kila mwanafizikia ana makala moja itakayomzika kwa heshima, na yangu ni hiyo.

Jumatatu, 6 Oktoba

1,415. Barua pepe kutoka kwa vijana wa Poznań, Poland. Wameisoma makala yangu ya 2008, wamejaribu kukuza fuwele, zinapasuka. Wanauliza tanuri lishuke nyuzi ngapi kwa saa. Wananiita "Profesa mheshimiwa". Sikuwasahihisha.

Nilimpelekea Aune. Baada ya saa moja akaniandikia mistari saba: nyuzi mbili na nusu, siku tisa, msilifungue kuchungulia, na bati mlimwage likiwa bado la moto. Nikainakili, nikatia sahihi yangu, nikatuma. Ilikuwa karibu saa ya chakula na nilikuwa na njaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Theluji ya kwanza. 1,415.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tathmini imefika.

Huku kwetu tathmini za waombaji ni hati za umma. Yeyote akiomba anapewa, hata muuza samaki. Kwa hiyo ikifika kwako imefika kwa wote. Nilijifungia ofisini, nikaisoma nikiwa nimevaa koti.

Mtathmini ni Bodil Krarup kutoka Denmark, mwanamke niliyeonana naye mara moja kwenye mkutano, tukasifiana viatu. Kurasa nane. Za Rasmus tano, sifa tupu. Zangu tatu. Nanakili hapa aya moja ili nisije nikaibadilisha kichwani:

"Makala ya mwombaji ya mwaka 2008 imenukuliwa mara 611. Nimezipitia zote. Katika hizo, 540 zinainukuu kwa ajili ya ukurasa wa pili, aya ya tatu, inayoeleza jinsi fuwele zilivyopozwa kwa siku tisa. Hitimisho la makala, kwamba umeme hupita juu ya uso wa fuwele tu, lilithibitishwa mwaka 2014 kuwa si sahihi: kilichopimwa ni mabaki ya bati. Mwombaji hajachapisha sahihisho. Njia ya kupoza ni mchango wa kudumu. Katika waandishi watatu sikumwona mtu yeyote anayekuza fuwele, na ningependa kujua njia hiyo ni ya nani."

Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mpaka macho yakawasha. Nani kakutuma uzisome zote, mama wewe? Watu wazima huhesabu, hawasomi! Miaka kumi na saba nimehesabu na wenzangu wamehesabu, tumekaa kwa amani. Yeye akaketi huko kwao na kuanza kufungua moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wote wameisoma. Najua, kwa sababu kwenye kahawa hakuna aliyeitaja. Dakika ishirini nzima tulizungumzia matairi ya baridi: yenye misumari au yasiyo na misumari. Yngve alinisogezea sukari, na anajua kwamba situmii sukari. Watu wa hapa wakikuonea huruma hukusogezea vitu.

Aune alikunywa kahawa yake akaondoka. Hata yeye ameisoma, nina hakika.

Alhamisi, 30 Oktoba

1,419. Sikufungua kuona ni nani.

Jumatatu, 10 Novemba

Ni Rasmus.

Alikuja mwenyewe ofisini kwangu, akasimama mlangoni kama zamani alipokuwa mwanafunzi aliyevunja kitu.

"Nilitaka usikie kwangu kwanza, Gunvor."

"Nimeshasikia. Ubao wa matangazo una miguu."

"Bila wewe nisingekuwa hapa. Unajua hilo."

"Basi niandike kwenye shukrani," nikamwambia, "kwa herufi ndogo."

Alitaka kucheka akaona sichezi. Akaondoka. Jua lilizama saa nane mchana, nikabaki gizani nikiona uvivu kuwasha taa. Nililia kidogo, kisha nikasoma kanuni za rufaa. Nina wiki tatu, mpaka tarehe mosi Desemba, saa sita mchana.

Alhamisi, 13 Novemba

Nitakata rufaa. Hoja ya kwanza: njia ya kupoza ni yangu, kwa hiyo mchango wa kudumu ni wangu. Fundi alifuata maagizo. Nikimpata Aune aandike hivyo, mistari mitatu na sahihi, hoja ya Krarup inaanguka.

Hoja ya pili: nukuu za Rasmus zimepikwa. Anajinukuu, na rafiki zake wanamnukuu, wanakunana migongo.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeshinda siku nzima nikizihesabu nukuu za Rasmus kutafuta uchafu. Anajinukuu kama kila mtu, si zaidi. Kitu nilichokipata sikukitafuta. Katika nukuu zangu 1,421, zilizotoka kwa Rasmus ni 143. Hakuna makala yake hata moja ambayo hakunitaja, tangu alipohitimu. Nyingine hazinihusu kabisa, amenichomeka tu kwenye utangulizi kama mtu anayemwekea mzee kiti mbele.

Nikimtoa Rasmus, nabaki na 1,278. Hoja ya pili nimeifuta. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu.

Jumatano, 19 Novemba

Leo nimekwenda kwa Aune.

Maabara yake iko chini ardhini. Tanuri tatu, kiti kimoja, redio. Alikuwa anapima unga wa madini kwenye mizani na hakuinua kichwa. Nikamweleza rufaa, upole wote niliokuwa nao nikauweka mezani. Nikamwambia ni barua fupi tu, kwamba mwaka 2007 fuwele zilipozwa kwa siku tisa kwa maagizo yangu.

Akamaliza kupima. Akafunga chupa.

"Kwa maagizo yako," akasema.

"Ndiyo. Ulikuwa mradi wangu, Aune. Tanuri lilikuwa langu, na madini yalikuwa yangu."

"Kulungu je? Alikuwa wako?"

Sikumwelewa. Akaenda kwenye kabati la chuma, akapitisha kidole juu ya madaftari ya miaka thelathini, akatoa moja lenye jalada jeusi. Hakuutafuta ukurasa. Lilifunguka lenyewe hapo, kama kitabu kilichowahi kufunguliwa mara nyingi. Akanigeuzia. Mwandiko wake ni wa shule ya msingi, kila herufi imesimama peke yake.

"3/9/2007. G. anataka tanuri lizimwe baada ya saa 48. Nimemwambia linapoa haraka mno, leo mara ya tatu. Hasikii. Naenda kuwinda. Nimeweka nyuzi 2.5 kwa saa mpaka nirudi."

Na chini yake:

"12/9. Nimerudi. Fuwele kubwa kama ukucha wa kidole gumba. G. kaja, katazama, kasema: Unaona? Nilikuambia."

Tanuri la pili lilikuwa linanguruma kidogo. Ninaikumbuka siku ile. Nakumbuka zile fuwele jinsi zilivyong'aa kwenye sahani, na furaha yangu, na kwamba nilimshika bega. Hilo la kusema "nilikuambia" silikumbuki kabisa, na ndilo lililonikata maini, kwa sababu najua nililisema. Nasema hivyo kila mara. Nimemwambia hivyo hata mume wangu siku aliyoniacha.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema. Mara tatu. Si imeandikwa hapo?"

"Baadaye, nataka kusema. Makala ilipoandikwa."

"Uliniletea niisome aya ile, nione kama nyuzi ziko sawa. Nikakuambia ziko sawa. Nikangoja uniulize kingine." Akachukua daftari, akalifunga. "Hukuniuliza."

"Ungeniambia, Aune! Mtu ana mdomo!"

"Wewe ulikuwa na mdomo wa kutosha kwa wote wawili, bwana."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningepata pa kushika. Nikauliza, kwa sauti ambayo sasa inanitia aibu, kama basi barua hataiandika. Akavuta pumzi ndani kwa midomo, ile "ndiyo" ya watu wa kwao inayosikika kama mtu anayefyonza chai ya moto. Ndiyo, hataiandika. Akarudi kwenye mizani.

Ijumaa, 21 Novemba

1,424. Nachukia namba hii na nimeiangalia mara nne.

Jumanne, 25 Novemba

Nimechukua makala zangu zote sitini na moja, nikasoma shukrani tu. Aune yumo katika thelathini na nane. "Tunamshukuru A. Lantto kwa msaada." Thelathini na nane, maneno yale yale, hata nukta haijahama. Katika mbili jina lake nimelikosea.

Waswahili husema vyaelea, vimeundwa. Mimi niliviona vinaelea nikasema ni upepo wangu.

Jumatatu, 1 Desemba

Saa sita mchana muda wa rufaa ulipita. Nilikuwa nakula biskuti ya tangawizi. Rufaa ilikuwa tayari, kurasa nne, ndani ya droo.

Jumatano, 3 Desemba

1,426. Digrii ishirini chini ya sifuri.

Alhamisi, 11 Desemba

Aune anastaafu kesho. Nimefanya kitu ambacho nilidhani ni kikubwa.

Wiki iliyopita niliwaandikia wahariri wa jarida. Niliuliza kama baada ya miaka kumi na saba mwandishi anaweza kuongezwa. Wakajibu inawezekana, kwa sahihisho, waandishi wote wakikubali, na mwenyewe akitia sahihi. Wenzangu wawili walikubali siku hiyo hiyo. Mmoja aliuliza Aune ni nani. Nikachapisha fomu, nikashuka nayo. Jina lake nililiweka la kwanza, mbele ya langu. Kwenye ngazi moyo ulinidunda kama mtu anayekwenda kuposa.

Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye sanduku: redio, kikombe, soksi za sufu. Alivaa miwani, akaisoma fomu yote, mpaka maandishi ya chini kabisa.

"Ni nzuri," akasema. "Umeliandika jina sawasawa."

"Saini hapo, basi. Nukuu 614, Aune. Zitakuwa zako."

Akanirudishia.

"Hapana, Gunvor."

"Hapana kwa nini? Unaniadhibu?"

"Makala hiyo ina kosa."

Nikaishusha fomu.

"Umeme haupiti juu tu," akasema. "Ni bati. Hamkuliosha bati. Nililiona siku ile ile, linang'aa pembeni mwa fuwele, nikasema, na wewe ukawa umeshakwenda kwenye simu. Miaka kumi na mmoja sasa dunia nzima inajua, na wewe hujaandika hata mstari mmoja kusahihisha. Mimi nina makala zaidi ya mia moja za Rasmus na watu wake. Zote nimezisoma kabla ya kutiwa jina langu. Hakuna yenye kosa ninalolijua." Akaweka soksi ndani ya kikombe, kikombe ndani ya sanduku. "Sitaki jina langu lianze kuonekana humo sasa hivi, ninapokwenda nyumbani."

Nilipanda ngazi na fomu yangu. Miaka yote hii nilidhani jina ni kitu ninachomnyima. Haikunijia hata mara moja kwamba angeweza kulikataa.

Ijumaa, 12 Desemba

Keki ya kuaga. Rasmus aliinunua, kubwa, ya watu thelathini. Alitoa hotuba fupi na sauti ikamkatika katikati, akaimaliza hivyo hivyo. Zamani ningesema anaigiza. Kipande cha waridi alimpa Aune.

Aune alikuja akakaa karibu nami na sahani yake. Akalichomoa waridi kwa kijiko, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Sijawahi kulipenda," akanong'ona. "Tamu mno."

"Miaka yote hiyo umelila?"

"Yeye huniletea," akasema. "Utamkataaje mtu anayekukumbuka?"

Kabla ya kuondoka alinishika mkono na kuniambia kuna kilo tatu za kulungu kwenye friji ya maabara, zimeandikwa jina langu. Nikauliza nizipikeje.

"Polepole," akasema. "Na usifungue kifuniko kuchungulia."

Jumatatu, 15 Desemba

1,427. Nilifungua kuona ni nani.

Vijana wa Poznań. Katika rasimu waliyoiweka mtandaoni wameinukuu ya 2008, ukurasa wa pili, aya ya tatu. Walifuata ile mistari saba, nyuzi mbili na nusu kwa siku tisa, wakamwaga bati likiwa la moto, na fuwele zao ni kubwa na safi kuliko zetu zote. Vipimo vyao vinaonyesha vizuri kabisa jinsi nilivyokosea. Niliisoma mpaka mwisho. Chini, baada ya waandishi na wafadhili, kwa herufi ambazo ilibidi nizitafutie miwani: "Tunamshukuru G. Hedbrant kwa msaada."

Hivyo tu. Maneno yangu mwenyewe, yamerudi nyumbani.

Nikawaandikia. Mistari saba ile si yangu, niliinakili nikatia sahihi, nilikuwa na njaa. Mwenyewe anaitwa Aune Lantto, anwani yake ni hii, mwombeni ruhusa kabla ya kumwandika, na mpelekeeni makala nzima kwanza kwa sababu ataisoma. Mimi nitoeni. Kisha nikaandika barua ya pili, kwa jarida, sahihisho la 2008, miaka kumi na mmoja baada ya wakati wake: hitimisho letu si sahihi, tulipima bati.

Kila barua niliisoma mara tatu kabla ya kutuma, nikitafuta kosa. Sikuliona.